Kuvua kwa Mshipi Ufuoni: Maelezo kwa Wageni wa Malindi na Kilifi

Kila mwaka watu wengi wa bara huteremka pwani, wengine kwa kazi, wengine kwa harusi, wengine kuwazuru ndugu zao waliohamia Malindi, Kilifi na Mtwapa. Miongoni mwao wamo waliozoea kuvua katika Ziwa Victoria, au Naivasha, au mto Tana, nao waionapo bahari hutamani kutupa ndoana. Lakini bahari si ziwa. Mtu aweza kufika mahali saa nne asubuhi akaona mchanga na mawe matupu, na saa kumi alasiri mahali pale pale pakawa na kina cha kuwafunika watu wawili waliobebana. Asiyelijua jambo hili atarudi kwa mwenyeji wake na kikapu kitupu, au hatarudi kabisa.

Basi la kwanza kujifunza ni kupwa na kujaa kwa maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo saa ishirini na nne, na kwa sababu hiyo saa ya maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huja kwa nguvu nyingi, nayo huitwa bamvua. Siku hizo tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu, nayo huitwa maji mafu. Tena iko kanuni ambayo wazee wa pwani huijua bila kuangalia kitabu: wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka. Mwenye kutaka hesabu kamili atafute jedwali la maji la Kilindini ambalo hutolewa na Halmashauri ya Bandari za Kenya, kwani tofauti ya saa kati ya Mombasa na Malindi ni ndogo sana.

Faida ya kuyajua haya ni kwamba samaki huyafuata maji. Maji yajaapo, changu, tasi na mkizi huja pamoja nayo kutafuta chakula juu ya miamba na nyasi zilizokuwa wazi asubuhi. Kwa hiyo mgeni mwenye busara huenda ufuoni mara mbili. Mara ya kwanza huenda mikono mitupu, maji yakiwa yamekupwa, ili aisome nchi: aone wapi pana mfereji katika mwamba, wapi mchanga umekutana na mawe, wapi pana shimo lisilokauka. Mara ya pili huja na mshipi maji yakianza kurudi, akasimama mahali pa juu palipo pakavu, akatupa ndoana palepale alipopaona. Mtu aliyefanya hivi siku moja atawashinda wengi walionunua fimbo za bei kubwa madukani nao hawajui wanatupa wapi. Asiyepata nafasi ya kwenda mara mbili na atazame mawimbi: pale yasipovunjika, nalo pande zote mbili yavunjika, hapo ndipo penye mlango wa maji mengi.

Sasa tueleze mahali penyewe, tukianzia kaskazini. Mto Sabaki huingia baharini karibu na Malindi, upande wa kaskazini. Ni mto ule ule ambao watu wa bara huuita Athi, na wa katikati Galana, na wakati wa mvua huleta udongo mwingi mpaka bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia. Matumbawe hayapendi udongo huo, na ndiyo sababu mbele ya ghuba ya Malindi hapana mwamba wa kuzuia mawimbi kama ulivyo Watamu. Hongwe na samaki wengine wapendao maji ya tope hupatikana kwenye mlango wa mto, lakini mgeni asiende huko peke yake wala asiingie majini, maana viboko na mamba wamo.

Katika ghuba yenyewe ufuo ni wa mchanga mpana, na mtu hana budi kutupa mshipi mbali, nyuma ya mawimbi. Kusini ya ghuba ipo rasi ya mawe yenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498. Kando ya miamba ya namna hii kina huwa karibu na miguu, na hapana haja ya kutupa mbali. Lakini mawe huteleza, na wakati wa kusi, yaani tangu Aprili au Mei hata Septemba, wimbi moja kubwa laweza kumzoa mtu aliyeyapa maji mgongo. Miezi ya kaskazi, Desemba hata Machi, ndiyo salama zaidi kwa mgeni.

Kilifi ni kwingine kabisa. Hapo bahari imeingia nchi kavu kwa hori ndefu yenye kingo za mawe, na mawimbi ya nje hayafiki ndani. Zamani magari yalivushwa kwa feri, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, na pale palipokuwa kivuko watu huweza kuyafikia maji bila kuparamia majabali. Mkondo wa hori una nguvu sana maji yanapoingia na yanapotoka. Wakati mzuri ni ule muda mfupi ambapo maji yametulia kabla ya kugeuka. Vilevile iko hori ya Takaungu, iliyo ndogo, na ya Mtwapa, iliyo karibu na Mombasa.

Mgeni asidhani kwamba kila palipo maji ni pa kuvua. Mwaka 1968 serikali ilitenga Mbuga za Taifa za Baharini za Malindi na Watamu, ambazo ni miongoni mwa mbuga za kwanza za aina hii katika Afrika. Ndani ya mbuga hizo hairuhusiwi kuvua kabisa, hata kwa ndoana moja, hata kuokota kombe. Kuzizunguka iko hifadhi, ambamo uvuvi wa kienyeji huruhusiwa kwa masharti, na hori ya Mida yenye mikoko imo katika hifadhi hiyo. Mipaka haionekani majini kama ua wa shamba. Basi mtu aliye kati ya mji wa Malindi na Watamu na aulize askari wa Shirika la Wanyamapori kabla ya kufungua kikapu chake. Aulize pia ofisi ya uvuvi habari ya kibali, maana Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 huwahusu hata wavuao kwa kujifurahisha.

Iko habari nyingine ambayo wengi huulizana. Sehemu kubwa ya ufuo imepakana na hoteli na nyumba za matajiri, na mgeni akiona ukuta hudhani kwamba bahari nayo imeuzwa. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Shida ni kuifikia tu, maana huwezi kukatiza kiwanja cha mtu. Zitafuteni njia za umma zishukazo pwani. Wenyeji huzijua, na aghalabu huishia penye diko la wavuvi.

Na diko ndipo pa kuanzia kwa vyovyote. Kila diko lina kikundi chake cha usimamizi wa ufuo, kilichowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, na viongozi wake ndio wajuao mahali palipofungwa kwa muda ili samaki wazaane. Mgeni amwendee mzee anayetengeneza wavu, aseme, "Shikamoo mzee. Mimi ni mgeni hapa, nimefikia kwa ndugu yangu. Naomba unionyeshe mahali pa kutupa mshipi nisije nikawaudhi wenyewe." Ataambiwa, "Marahaba mwanangu, karibu," na katika dakika kumi atajifunza mambo ambayo gazeti hili haliwezi kuyaandika.

Vyombo havina gharama. Mshipi wa nailoni, ndoana ndogo chache na chubwi la risasi vyatosha. Chubwi lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili likinaswa katika mawe lipotee peke yake. Chambo kizuri ni kamba, ngisi au vipande vya samaki wadogo, vibichi, si vya jana. Vaa viatu, kwa sababu ya miiba na mawe makali.

Samaki wengine si wa kushikwa ovyo. Hongwe na tasi wana miiba yenye sumu mapezini, na taa anao mkiani. Mtu akichomwa, atie mguu au mkono katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha aende hospitali. Bunju, yule avimbaye tumbo kama mpira, asiliwe kamwe. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa, nayo imeua watu. Ukimpata samaki usiyemjua, usimpeleke jikoni mpaka umemwonyesha mvuvi wa pale. Na mwenyeji wako akikukataza kumla, mrudishe baharini.