Feza ya avenyu: nani analipa, nani anashika kaye

Siku ya posho, mbele jua halijapanda juu ya ziwa, filimbi inalia mu avenyu yetu hapa Baraka. Ni salongo. Kila nyumba inatosha mtu mmoja na jembe ao chepe, tunazibua kanivo, tunakata majani, tunarudisha mawe mahali mvula imechimba njia. Siku ile, mu nyumba moja hakuna mtu alitoka. Baba yao iko ku Misisi tangu miezi saba. Mama alikuwa na mtoto wa homa ku mgongo. Komite ikaingia mu lupango, ikabeba beseni yake ya kufulia nguo kama amande, ikamwambia ataichukua siku atalipa franka elfu tano, pamoja na deni ya kotizasio ya miezi mine.

Saa sita haikufika, habari ilikuwa imeshafika Misisi. Simu ikalia kwa shefu wa avenyu. Baba alikuwa anaongea toka ku mlango wa shimo, mashini inalia nyuma yake, ni kusema alikuwa analalamika kwa nguvu. Aliuliza maswali mbili. La kwanza: nani alipatia komite ruhusa ya kubeba kitu cha mtu? La pili: na ile feza ya mwanzo mulikula, nani alibebewa beseni?

Swali la pili lilituuma, juu lilikuwa la kweli.

Tuko nyumba 41 mu avenyu. Miaka mitatu imepita tulipatana kila nyumba itoe franka 2.000 kwa mwezi, tujenge kanivo ya mawe na simenti mpaka kule mayi inashukia. Kwa miezi tano ya kwanza watu walilipa vizuri sana, hata wale hatukuwazania. Ilikuwa franka 410.000. Kaseri aliziweka nyumbani kwake, mu sanduku moja na feza yake ya biashara ya ndagala. Ndagala zikakosa soko, akakopa kidogo kwa sanduku, akazani atarudisha. Hakurudisha. Hakuwa mwizi, tunamujua, tulikula naye mu misiba mingi. Lakini hakukuwa hata karatasi moja yenye saini, hakuna resi, hakuna kaye. Siku tuliuliza feza, kila mtu alikuwa na hesabu yake mu kichwa na hakuna hesabu mbili zilifanana. Toka siku ile watu wakaacha kulipa, moja moja, bila kusema.

Tunaandika haya juu tunajua haiko avenyu yetu tu. Mu Fizi na Baraka, nyumba nyingi baba ao kijana mkubwa iko ku machimbo, Misisi, Lubichako, ao ngambo ile ya Salamabila. Nyumba inabaki na mama, na mama ndiye anasimama mbele ya komite. Komite inauliza feza, mama anauliza baba, baba anajibu kama shimo halijatoa. Hapo ugomvi unaanza.

Tuseme kwanza ya sheria, kidogo tu. Sheria ya 7 mwezi wa kumi 2008 inataja mashirika ya Leta yenye kuwa na kase yao wenyewe: mji, komini, sekta na shefferi. Kartie haimo. Avenyu haimo. Baraka ilipewa cheo cha mji mu 2013, kwa hiyo kase ni ya mji na ya komini zake, si ya shefu wa avenyu. Na Katiba ya 2006, mu artikeli 174, inasema kama impo inaweza kuwekwa na sheria tu. Kwa hiyo ile 2.000 yetu haiko impo, haiko takse. Ni mapatano ya majirani. Mtu wa kukamata kitu cha mtu mwingine juu ya deni ni yule anatumwa na tribunali na karatasi ya hukumu mkononi. Komite yenye filimbi haiko tribunali. Baba wa Misisi alikuwa na haki ku swali la kwanza.

Lakini mapatano nayo si kitu cha kutupa. Wachimbaji wanajua hii kupita sisi wote. Mu shimo, mbele ya kugawa mchanga, gharama zinatoka kwanza: mafuta ya motopompi, miti ya kushikilia udongo, chakula cha ekipe. Hakuna mchimbaji anasema "mimi sikunywa yale mafuta". Anajua kama motopompi ikizima, mayi itajaza shimo lote, na upande wake nao utazama. Kila mtu anajua pia nani anaandika gharama, na siku ya kugawa anasimama pale anaangalia kwa macho yake. PDG akileta hesabu ya uongo, kunakuwa kelele palepale. Basi kanivo ni motopompi ya avenyu. Mu 2024 ziwa lilipanda mpaka mayi ikaingia mu manyumba za pembeni ya Tanganyika, ku Uvira, ku Kalemie, na huku kwetu pia. Mvula ikinyesha juu wakati ziwa limejaa chini, mayi haina pa kwenda. Inalala mu lupango, inaingia mu vyoo, kisha kolera inafuata. Watu wa Baraka hawahitaji kuelezwa kolera.

Hapa kuna kitu wengine hawapendi tuseme. Wengi kati yetu tulirudi toka Tanzania, kuanzia mwaka wa 2005, mu mashua za HCR, toka Lugufu na Nyarugusu. Kule kambini kulikuwa robine, kulikuwa foleni ya bidoni, kulikuwa hata komite ya mayi. Lakini feza ya bomba haikutoka mu mfuko wetu. Tulizoea kama mayi inakuja na mtu anaitwa projet. Huku projet inajenga borne, inapiga picha, inaenda. Kisha miaka mbili robine inavunjika, kipande cha feza kidogo tu, na watu wanangojea mzungu arudi. Tulingojea sisi pia, tusijifiche.

Kule Tanzania tuliona vilevile balozi wa nyumba kumi, kazi ilianza wakati wa TANU. Kenya walirudilia jina hilo la nyumba kumi mu 2013, kwa mambo ya usalama. Kwetu nyumba kumi iko, anajua nani amezaa, nani amekufa, nani ni mgeni. Ni mtu wa maana. Lakini kujua watu ni kazi moja, na kushika feza ya watu ni kazi ingine, na sisi tulichanganya.

Kwa nchi zingine majirani wako na sheria yao. Ufaransa, watu wanaishi mu jengo moja kila mtu na apartema yake, wako na sheria ya 10 mwezi wa saba 1965. Mkutano mkubwa kila mwaka, hesabu inasomwa mbele ya wote, gharama inagawanywa kufuata ukubwa wa sehemu ya mtu. Asiyelipa anapelekwa mbele ya mwamuzi. Hata kule, hakuna mtu anabebewa beseni.

Basi tulikutana chini ya mwembe, siku ya yenga kisha kanisa, na waislamu walikuja pia. Mkutano ulikuwa mrefu, na nusu yake ilikuwa matusi. Lakini kitu kilitoka. Wamama ndio walileta neno la maana, juu wao wako mu AVEC tangu zamani. Mu AVEC sanduku iko na kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mwenye kulinda sanduku hana funguo hata moja. Feza inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, mbele ya kufunga. Mtu moja aliuliza juu ya nini hatukufanya vile toka mwanzo. Hakuna aliyejibu. Wanaume waliona kama AVEC ni mambo ya wamama.

Sasa sanduku iko na kufuli tatu. Kila mwenye kulipa anapata resi, na jina lake linaandikwa mu kaye na bik, hapana kalamu ya kufuta. Kaye inasomwa kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi, mbele ya salongo, wakati watu wote wako na majembe mkononi na wanataka kumaliza haraka. Tunakubali ile haraka ni mbaya kidogo, lakini ni saa pekee watu wote wanakuwa pamoja.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya walokateri. Mwenye nyumba anaishi Fizi ao Bukavu, lokateri iko hapa, nani analipa? Tulipatana hivi: kanivo na kila kitu kinabaki mu udongo ni ya mwenye lupango. Robine na zamu ya usiku ni ya mwenye kulala mule. Kuna wenye nyumba wawili walikataa, na mpaka leo hawalipi. Mmoja kati yao, lupango yake ndiyo ya mwisho chini kabisa, pale kanivo ingepita. Kwa hiyo kanivo yetu inasimama mita chache mbele ya ukuta wake, na mayi inajua njia yake yenyewe.

Tujibu pia woga moja tulisikia ku machimbo. Kuna wachimbaji wanazani wasipolipa kotizasio, avenyu itauzisha lupango yao. Haiwezekani. Toka sheria ya 1973, udongo ni wa Leta, na haki ya mtu inashuhudiwa na sertifika ya kuandikisha, si na kaye ya majirani. Na kinyume chake ni kweli vilevile: resi zetu hata ukiwa nazo mia, hazitakupatia sertifika. Yule amenunua lupango na feza ya shimo na iko na karatasi ya kuuziana tu, afuate mambo ku ofisi ya udongo wakati angali na nguvu.

Kwa wenye kuwa mbali, tulikubali kulipa kwa majira. Shimo haitoi kila mwezi, hiyo tunajua. Baba anaweza kulipa miezi sita mara moja siku amepata, ao mama anaweza kutoa kazi ya mikono: nusu siku ya kubeba mawe ni kotizasio ya mwezi. Mwenye mgonjwa nyumbani haandikwi amande. Na mayi hatumkatii mtu, hata asipolipa mwaka muzima. Nyumba moja ikienda kuchota ziwani, kolera haitabaki ku mlango wake.

Beseni ilirudishwa. Shefu wa avenyu aliipeleka yeye mwenyewe, mchana, watu wakiona, na ile elfu tano ilifutwa. Deni ya miezi mine, franka 8.000, ilibaki. Wiki mbili nyuma baba wa Misisi aliituma kwa simu, na akaomba kitu kimoja: tupige picha ya ukurasa wa kaye wenye jina lake, tumtumie. Tulifungua kaye. Ukurasa ulikuwa na doa kubwa la chai juu ya majina. Mama wa beseni akaangalia, akasema huo hautaenda Misisi, tuandike mwingine safi mbele yake, na yeye atasoma hesabu.