KUANZA MWAKA WA KWANZA WA UENJENIA: NINI KINAKUNGOJA KULE?



Tukiwauliza wale wa kalasi ya mwisho wanataka kusoma nini kisha kupata diplome d'Etat, wengi wanajibu haraka: umunganga, sheria, ao uenjenia. Umunganga, kila mtu amekwisha kuona munganga akiwa kazini. Lakini enjenia, wengi wetu hapa Itebero hatujamwona akifanya kazi. Tunaona tu mambo yaliyotoka mikononi mwake: barabara ya Bukavu kwenda Walikale na Kisangani, vilalo vyake, ao tunasikia habari za mgodi wa chini ya udongo kule Bisie, katika territoire yetu ya Walikale, ulioanza kutoa madini ya bati mwaka 2019. Ndiyo maana mtu anakwenda kuandikishwa bila kujua anaingia wapi, na miezi mitatu kisha hapo anaandikia wazazi kwamba anataka kugeuza kitivo. Wazazi nao wamekwisha kuuza mbuzi.

Kwanza tusafishe jina. Katika masomo yetu ya Kongo, tuliyoyapata kwa Wabelgiji, "ingénieur civil" si yule wa barabara na majumba peke yake. Neno "civil" liliwekwa zamani kule Ulaya ili kumtenga na enjenia wa jeshi. Kwa hiyo kuna ingénieur civil wa madini, kuna wa umeme, wa mashini, wa ujenzi. Ni jina la masomo marefu ya chuo kikuu, kwa kawaida miaka mitano. Mtu anayekwenda kwenye institut za ufundi kama ISTA, anapita njia ingine yenye kazi nyingi ya mikono. Hiyo si njia ya wajinga, kama vile wengine wanavyosema. Ni kazi ingine, na nchi inaihitaji sana.

Mwaka wa kwanza zamani uliitwa premier graduat. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, nchi ilipoanza mfumo wa LMD, unaitwa Licence 1. Licence ni miaka mitatu, kisha Master miaka miwili. Kila mwaka uko na kredi 60, na masomo yanagawanywa katika semestre mbili. Usishangae ukisikia wakubwa wako wanasema "G1" na wewe unaambiwa "L1".

Wapi wanasoma? Kinshasa na Lubumbashi ndiko kwenye vitivo vya zamani vya Politekniki. Kile chuo cha Kinshasa kilianza mwaka 1954 kwa jina la Lovanium, na cha Lubumbashi mwaka 1956, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 viliunganishwa na chuo cha Kisangani, ambacho Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963, vikawa UNAZA, mpaka vilipoachana tena mwaka 1981. Karibu na sisi kuna ULPGL ya Goma, chuo cha Waprotestanti kilichoanza mwaka 1985, nacho kiko na kitivo cha teknolojia. Lakini tusifichane: Goma ilichukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, na mwezi wa tatu vita vikafika mpaka Walikale kwenyewe. Mwanafunzi wa kwetu anayechagua chuo anachagua na njia pia. Kabla ya kulipa kitu, uliza wasafiri, uliza wenye pikipiki, uliza na mzazi ambaye mtoto wake yuko kule.

Sasa tuingie katika masomo yenyewe.

Mwanafunzi anafika akiwaza kwamba atagusa mashini. Anakuta analiza, aljebra, jometria, fizikia, mekanika, kemia, desini, na kidogo ya ordinatere. Mashini hakuna. Kilalo hakuna. Profesa anaandika ubao mzima kwa alama, anafuta, anaandika tena, na wewe uko nyuma katika oditwari yenye watu mingi, husikii vizuri. Hapo ndipo moyo unavunjika, na mtu anasema: "Lakini hii hesabu yote ni ya nini?" Swali hilo ni zuri, tena linaomba jibu. Nitalijibu kwa ubao wa mti.

Kamata ubao wenye upana wa santimetri 20 na unene wa santimetri 5. Uulaze juu ya kijito. Mtu akipita na mzigo wa ndizi, unapinda. Sasa uusimamishe kwa ubavu, ule upande wa 20 uwe unakwenda juu. Unakuwa mgumu. Kila fundi wa mbao hapa kwetu anajua jambo hili, baba yake alimwonyesha. Lakini enjenia anaulizwa swali lingine: mgumu mara ngapi?

Nguvu ya kubeba inafuata hesabu hii: upana, mara kimo, mara kimo tena, kisha unagawa kwa 6. Ubao ukilala: 20 × 5 × 5 ÷ 6, unapata karibu 83. Ukisimama: 5 × 20 × 20 ÷ 6, unapata karibu 333. Ni mara nne. Ubao ni ule ule, mti ni ule ule, hata kilo hazikuongezeka. Na kwa habari ya kupinda, hesabu ni upana, mara kimo mara tatu (kimo × kimo × kimo), kugawa kwa 12. Ukilala ni karibu 208, ukisimama ni karibu 3333. Mara 16! (Ila ubao unaosimama peke yake unaweza kuanguka kwa ubavu. Kwa hiyo mafundi wanafunga mbao nyingi pamoja na vipande vya kukingama. Wana haki.)

Basi, hii 12 inatoka wapi? Haikuanguka kutoka juu. Unakata uso wa ubao, kwa akili, katika vipande vyembamba sana toka chini mpaka juu. Kila kipande unakizidisha na umbali wake toka katikati, mara mbili, kwa sababu kilicho mbali kinasaidia zaidi. Kisha unakusanya vyote. Kule kukusanya vipande vyembamba bila mwisho ndiko kunaitwa integrale, na integrale ndiyo kazi kubwa ya analiza ya mwaka wa kwanza. Somo lenyewe la nguvu za mbao na vyuma, yaani résistance des matériaux, linakuja nyuma. Asiyejua kukusanya vipande, akifika kule ataimba formula kama kasuku, na siku chuma kitakapokuwa na umbo lingine, si mraba, hatakuwa na la kusema. Na watu watapita juu ya kile kilalo.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza hawakufundishi kilalo. Wanakupa panga, wanakuomba ulinoe mwaka mzima, na msitu utauona baadaye. Mimi naona wengi wanaoanguka hawakosi akili. Wanakosa msingi wa kalasi za nyuma: sehemu ya hesabu, sinus na kosinus, ekwasio za digri ya pili, derive. Profesa hatarudia. Anafikiri unajua.

Desini nayo inasumbua wengi waliotoka sehemu ya kisayansi ao pedagojia. Wanakuonyesha kitu kimoja toka mbele na toka juu, wewe uchore kinavyoonekana toka ubavu. Wale waliotoka sekondari ya ufundi wanacheka, kwao ni chakula cha kila siku. Lakini kwa analiza wao ndio wanaotoka jasho. Ni vema watu wa namna hizi mbili wakae meza moja. Kwa kujizoeza hapa hapa, kisanduku cha kibiriti kinatosha: kigeuze, kichore pande tatu kwa latte na krayo, kisha kifungue nusu na uchore tena.

Kifaransa pia. Kuna mwenye kujua hesabu lakini hakuelewa maulizo. Usome ulizo mara mbili, na uzoee kueleza kwa maneno unachofanya, si kutupa namba tu. Na ordinatere: usione haya kama hujapata kuigusa. Wengi wanaifungua mara ya kwanza kule, na kisha miezi mbili wanaandika kama wengine.

Neno kwa wadada. Hakuna hesabu ya wanaume. Ule ubao hauulizi nani anauhesabia.

Kuhusu pursantaje: 50 kwa mia inatosha kupata diplome, lakini isikudanganye. Kuna vitivo vinavyoomba zaidi, ao vinavyofanya konkuru ya kuingia, na konkuru hiyo karibu yote ni hesabu. Mwenye kuwa katika kalasi ya kwanza leo yuko na miaka minne mbele yake. Mwenye kuwa katika ya mwisho yuko na miezi tu, basi aanze na derive, aache mambo mengine.

Kwa wenye kutaka kujaribu: ubao wa santimetri 15 kwa 4. Ukiusimamisha, nguvu ya kubeba inaongezeka mara ngapi, na kupinda kunapunguka mara ngapi? Mwandike kwenye karatasi, pamoja na njia yote, mpelekee mwalimu wa hesabu. Jibu bila njia halipokelewi.