Reli na Mazimwi Chini ya Paa Moja

Wanangu, leo nawapeleka Blairstown. Ni mji mdogo wa jimbo la New Jersey, Marekani, kandokando ya mto Paulins Kill, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka New York. Ukishafika barabara yake kuu huna haja ya gari tena. Kinu cha zamani cha mawe kipo pale, jumba la sinema lipo pale, maduka machache, na makumbusho ya mji. Makumbusho hayo ndiyo yaliyonifanya niwaite mkae. Yanatunza historia ya Blairstown, na papo hapo yanatunza kumbukumbu za filamu ya kutisha iliyopigwa maeneo hayo mwaka 1979. Mambo ya mababu na mambo ya mazimwi, yote chini ya paa moja.

Wapo watu wazima wanaokunja uso wakisikia hivyo. Kwao historia ni vita, wafalme na mikataba, na filamu ya kutisha ni takataka ya kuwaharibu watoto. Mimi siko upande wao, na kabla hatujaagana mtajua kwa nini.

Ila kwanza niwaonye. Filamu yenyewe, Friday the 13th, ni ya watu wazima. Ina mauaji mengi, na huko kwao aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ukumbini kuitazama bila mzazi au mlezi. Kwa hiyo hatutaitazama. Tutachungulia jinsi ilivyotengenezwa, na naapa upande huo una utamu kuliko filamu yenyewe.

Tumalizane na mababu kwanza. Bonde la Paulins Kill lilikuwa nchi ya Walenape, wenyeji wa asili, karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufungua duka hapo, na anayeisimulia historia ya mahali hapa kuanzia kwenye duka anaanzia katikati. Duka lenyewe lilikuwa la John Insley Blair, aliyezaliwa mwaka 1802. Alianza kazi ya dukani angali mtoto, akaja kufanya biashara katika kijiji kilichoitwa wakati huo Gravel Hill, akawa pia msimamizi wa posta. Kisha akaingia kwenye reli, na huko ndiko utajiri ulikomkuta. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Delaware, Lackawanna and Western, iliyosafirisha makaa ya mawe ya Pennsylvania, na baadaye akajenga reli huko magharibi, Iowa na Nebraska. Hata hajafika miaka 40, wanakijiji wakaacha jina la Gravel Hill wakakiita kijiji chao Blairstown. Hiyo ilikuwa mwaka 1839. Mwaka 1848 ikaanzishwa shule, Blair Academy, ambayo hadi leo wanafunzi wanaingia na kutoka. Mzee alifariki mwaka 1899 akiwa na miaka 97, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi yake.

Reli ziliendelea kuujenga mji hata baada yake. Mwaka 1911 ilifunguliwa njia mpya ya mkato, na kwa ajili yake likajengwa daraja la zege kuvuka bonde la Paulins Kill, karibu mita 35 kwenda juu na zaidi ya mita 330 kwa urefu. Lilipokamilika lilihesabiwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya zege duniani. Mwaka 1970 treni za abiria zikakoma, na baadaye hata vyuma vya reli vikang'olewa. Daraja bado limesimama katikati ya miti, halina kinachopita juu yake. Kwa hiyo mtauelewa mji huu: ulipewa jina na mtu wa reli, ukapendezeshwa na reli, kisha reli ikaondoka. Miaka tisa baada ya treni za abiria kukoma, wakaja watu wa filamu.

Mkuu wao aliitwa Sean Cunningham. Alikuwa na jina la filamu kabla hajawa na hadithi iliyokamilika, na Julai 1979 alilipia ukurasa mzima wa tangazo katika gazeti la watu wa filamu, Variety, kutangaza kitu ambacho hakijapigwa hata picha moja. Mwandishi wake, Victor Miller, alikuwa bado anaiandika. Fedha zilikuwa kama dola 550,000, ambazo kwako na kwangu ni nyingi sana lakini kwa filamu ya Marekani zilikuwa kidogo. Mwenye fedha kidogo hajengi. Anatafuta kilichokwisha kujengwa. Wakaipata kambi ya skauti.

Kambi hiyo ipo Hardwick, jirani kabisa na Blairstown, na imekuwapo tangu mwaka 1927. Inaitwa No-Be-Bo-Sco. Jina hilo limeungwa kwa silabi za mwanzo za North Bergen Boy Scouts, yaani skauti wa North Bergen. Ina vibanda vya mbao, msitu, na ziwa dogo. Nyinyi mliojiunga na skauti mnajua kambi ilivyo, na walio Kenya wanajua kwamba mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, amezikwa Nyeri, ambako nyumba yake ndogo, Paxtu, nayo imefanywa makumbusho. Basi skauti wa New Jersey hukaa kambini wakati wa kiangazi. Septemba ikifika wanarudi shuleni na vibanda vinabaki vitupu. Septemba hiyo ya 1979 vikajaa waigizaji, taa na nyaya, na kambi ikapewa jina la uongo: Crystal Lake.

Sasa sogeeni, kwa maana hapa ndipo ninapopapenda.

Kazi ya kutengeneza majeraha na vitisho alipewa Tom Savini. Kijana huyu alikuwa amepelekwa vita vya Vietnam akiwa mpiga picha wa jeshi. Alikuwa ameviona vifo vya kweli kupitia kamera yake, na mwenyewe amesema kwamba kilichomwongoza katika kazi yake ya filamu ni kule kuona. Damu aliyotumia hukorogwa kwa sharubati nzito ya mahindi na rangi za chakula. Ngozi ni mpira uliomiminwa kwenye kalibu, ukakauka, ukapakwa rangi.

Kuna tukio moja ambalo mashabiki hawachoki kulisimulia. Kijana mmoja amelala kitandani, na mshale unamtoka shingoni kutoka chini ya kitanda. Aliyeigiza ni Kevin Bacon, wakati huo ana miaka 21 na hajulikani sana. Je, ilifanyikaje? Bacon hakulala kitandani. Alipiga magoti chini yake, akapitisha kichwa kwenye tundu, na mbele ya kichwa chake wakaunganisha shingo na kifua vya mpira. Akionekana kwa juu, ni mtu amejilaza. Savini na msaidizi wake, Taso Stavrakis, walijibana huko chini pamoja naye, mmoja akisukuma mshale kwenda juu, mwingine akibana pampu ya damu bandia. Mshale ukatoka vizuri. Mpira wa kupitishia damu ukachomoka kwenye pampu. Shingo ya bandia ilikuwa moja tu, na kutengeneza nyingine kungekula muda na fedha ambazo hazikuwapo. Stavrakis hakupoteza hata sekunde. Aliudaka ule mpira, akautia mdomoni, akapuliza. Damu ikaruka juu. Watazamaji wa dunia nzima wakapiga kelele kwa pumzi ya kijana aliyejikunja chini ya kitanda.

Ukishalijua hilo, hofu inabadilika. Haiishi, ila unaiona ina mikono nyuma yake, na mikono hiyo ina akili.

Sauti nayo ina habari yake. Mtunzi wa muziki, Harry Manfredini, alijiwekea sharti: muziki wa muuaji usikike pale tu muuaji alipo karibu kweli, ili asiwadanganye watazamaji. Akachukua silabi mbili, ki na ma, akazitamka kwenye kipaza sauti kilichounganishwa na mashine ya mwangwi, zikajirudia na kufifia. Mtu mmoja, mdomo wake na mashine moja. Watu wazima waliozisikia ukumbini mwaka 1980 bado wanazikumbuka.

Na muuaji je? Wengi mkisikia jina la filamu hii mnafikiria lile jitu lenye kinyago cheupe cha kipa wa hoki ya barafu. Kinyago hicho hakimo kabisa katika filamu iliyopigwa Blairstown. Kilianza kuonekana katika filamu ya tatu ya mfululizo huo, mwaka 1982. Katika hii ya kwanza anayeua ni mama mtu mzima, aliyewahi kuwa mpishi wa kambi. Mwanawe, Jason, alizama ziwani kwa sababu vijana waliopaswa kumwangalia walikuwa na mambo yao mengine, na mama akapotewa na akili kwa uchungu. Aliyeigiza ni Betsy Palmer, mama ambaye Wamarekani walimzoea akitabasamu kwenye vipindi vya televisheni. Alieleza waziwazi kwamba alikubali kazi ile kwa sababu alihitaji fedha za kununua gari. Mtoto anayeibuka ziwani mwishoni ni Ari Lehman, aliyekuwa na miaka 14, amevalishwa uso wa bandia wa Savini.

Filamu ilitoka tarehe 9 Mei 1980. Wakosoaji wengi waliiponda. Watu wakajazana ukumbini hata hivyo, ikaingiza karibu dola milioni 40 Marekani peke yake, na filamu nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine. Blairstown ikawa na wageni. Wanakwenda kula kwenye mkahawa wa barabarani unaoonekana katika filamu. Wanakwenda kwenye jumba la sinema, Roy's Hall, lililojengwa enzi za filamu zisizo na sauti. Ijumaa ikiangukia tarehe 13, mji hujaa. Wengine walikuwa wakipenya kambini bila ruhusa, jambo la hovyo, kwani ni kambi ya watoto na inatumika hadi leo. Skauti wakaliamua vizuri: siku chache kwa mwaka, watoto wakiwa hawapo, wanafungua lango, wageni wanalipa na kutembezwa kwa utaratibu, na fedha zinakwenda kuitunza kambi. Vibanda vile vya mbao vinatengenezwa paa na zimwi la kubuni.

Sasa niwajibu wale wanaokunja uso. Mwanzoni mwa filamu, msichana amebeba mkoba mgongoni anaingia mjini kwa miguu. Anapita chini ya matao ya mawe ya kinu, anatembea barabarani, magari yameegeshwa pembeni. Cunningham hakuwa anaandika historia ya mtu. Alitaka mji wenye utulivu ili baadaye atutishe. Lakini kamera haichagui. Iliyachukua madirisha ya maduka, vibao vya majina, magari ya wakati ule na mwanga wa mwaka 1979 juu ya mawe ya kinu, vitu ambavyo hakuna karani wa mji aliyefikiria kuvipiga picha siku hiyo. Leo mtu anayetaka kuuona mji ulivyokuwa ana picha ya John Blair ya karne ya 19, ana daraja la zege la 1911, na ana dakika chache za filamu ya kutisha. Zote tatu ni ushahidi. Makumbusho yaliyoziweka pamoja yamefanya haki, na ningeyalaumu kama yangeichagua reli na kuitupa filamu nje.

Tena vitu vya filamu hupotea upesi kuliko vya reli. Daraja la zege hujilinda lenyewe. Bango ni karatasi. Mpira wa uso wa bandia hukauka, hupasuka, humeng'enyuka. Aliyefanya kazi siku tatu kwenye seti anazeeka, na anayoyajua yeye hayakuandikwa popote. Shabiki aliyehifadhi bango chini ya kitanda kwa miaka 30, huku ndugu zake wakimcheka, ameisaidia historia kuliko wengi waliosoma kitabu kimoja wakaona inatosha.

Na kwetu filamu kama hizo zipo. Miaka ya mwanzo ya karne hii Mussa Banzi alitengeneza Tanzania filamu za kutisha, Nsyuka na Shumileta, watu wakazitazama majumbani na kwenye vibanda vya video, na watoto wakaogopa kwenda chooni peke yao usiku. Walioigiza, waliopaka rangi, waliobeba taa, wengi bado wapo. Majalada ya kanda hizo yamo kwenye maboksi ya wajomba na shangazi zenu, yanaliwa na mchwa na unyevu. Yaulizieni wiki hii. Mkiyapata, msiyakunje, yafungeni kwenye karatasi kavu, na kwenye karatasi nyingine andikeni kwa penseli jina la aliyewapa, mwaka alioinunua kanda, na alikoitazamia.