Safari ya Kipimo: Kutoka Tangi la Marudio Chunya hadi Hifadhi ya Wingu

Katika wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, ambako dhahabu ya ukanda wa Lupa imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1920, kazi ya dhahabu haiishii shimoni wala kwenye karasha. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa kwa zebaki lakini ukabakiwa na dhahabu ndani yake, hupelekwa kwenye mitambo ya kuchenjulia, hujazwa katika matangi, huchanganywa na chokaa, kisha hupitishiwa maji ya sayanaidi yanayoyeyusha dhahabu na kuifikisha kwenye kaboni inayoinasa. Kazi hiyo huendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa, na usalama wake hutegemea zaidi kipimo kimoja, pH, kinachoonyesha kiasi cha asidi au alikali katika maji. Mafundi hulenga pH iwe juu ya 10, kwa sababu ikishuka sayanaidi huanza kugeuka gesi ya haidrojeni sayanaidi, ambayo ni sumu kali, na inapofika karibu na 9.2 nusu ya sayanaidi yote huwa imekwisha kuchukua umbo hilo.

Mtambo wa namna hiyo unafaa kuwa mfano wa jambo ambalo viwanda vingi vitakabiliana nalo: namna ya kuvipeleka vipimo kutoka kwenye mashine hadi mahali vitakapohifadhiwa na kuchambuliwa. Kihisi, ambacho ni kifaa cha kugeuza joto, shinikizo, kina au pH kuwa ishara ya umeme, kwa kawaida hutoa mkondo wa kati ya miliampia 4 na 20. Mkondo huo hauanzii sifuri kwa makusudi, kwani waya ukikatika husomeka sifuri, na hivyo hitilafu haichanganywi na kipimo cha chini. Vihisi vingine huwasiliana kwa Modbus, itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine, iliyotungwa mwaka 1979 na ambayo mpaka leo haijastaafu. Kompyuta ndogo inayozikusanya ishara zote hizo papo hapo mtamboni, ikaziweka katika mfumo mmoja na kuzituma nje, huitwa lango; na kwa kuwa hukaa pembezoni mwa mtandao, karibu na mashine kuliko na seva, huitwa lango la pembezoni. Wingu, kwa upande wake, ni seva za kukodi zilizo katika majengo ya watoa huduma, na aliye Chunya huzifikia kwa intaneti tu.

Safari ya kuzifikia seva hizo si fupi. Kipimo huondoka langoni kupitia modemu yenye laini ya simu, hupokewa na mnara, huingia katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na kushuka hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo, kama hakikusudiwi kubaki katika kituo cha data cha nchini, hupita katika nyaya za chini ya bahari kuelekea, kwa mfano, Johannesburg au Cape Town, ambako kampuni kubwa za wingu zilianza kufungua vituo vyao mwaka 2019 na 2020. Kila kipande cha njia hiyo kinaweza kukatika kwa sababu zake. Mnara wa jirani unaweza kukosa umeme wakati wa radi za masika, nayo bahari ina mikasa yake, kama ilivyoonekana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na katika nchi jirani.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza katika kupanga njia za data ni kutambua yale yasiyopaswa kusafiri kabla ya kufanyiwa kazi. Kihisi cha gesi kilichowekwa juu ya tangi hakina sababu ya kuomba ruhusa ya seva iliyo nchi nyingine ili king'ora kilie. Kidhibiti cha mtamboni, au lango lenyewe, ndicho kinachopaswa kuwasha king'ora na kuzima pampu mara moja, na taarifa ya tukio hilo ikaenda winguni kwa wakati wake. Wauzaji wengi wa mifumo hii hupenda kuonyesha skrini za kupendeza zinazomwezesha mtu aliye mbali kuzima na kuwasha mashine. Kwa mtambo unaotumia sayanaidi, hata hivyo, ni busara zaidi lango liwe la kutuma tu, lisipokee amri yoyote kutoka nje, kwa kuwa mlango ambao haupo hauvunjwi.

Uamuzi wa pili unahusu kiasi, na hesabu yake ni nyepesi. Mtambo wenye vihisi 40, kila kimoja kikisomwa mara moja kwa sekunde, huzalisha vipimo 3,456,000 kwa siku. Ikichukuliwa kwamba kila ujumbe una baiti 100, hizo ni megabaiti zipatazo 346 kwa siku, au zaidi ya gigabaiti 10 kwa mwezi, ambazo hulipiwa kwa bando kama data nyingine yoyote. Lango likituma wastani wa kila dakika badala ya kila sekunde, mzigo hushuka hadi megabaiti 5.8 hivi kwa siku. Wastani peke yake, hata hivyo, huficha mambo, kwani pH iliyoporomoka kwa sekunde ishirini na kupanda tena hupotea kabisa ndani ya dakika yake. Ndiyo maana lango lililopangwa vizuri hutuma pamoja na wastani kiwango cha juu na cha chini cha kila dakika, na hutuma papo hapo kipimo chochote kinachovuka mpaka uliowekwa.

Mtandao ukikatika, lango huandika vipimo katika kumbukumbu yake na kuvituma njia ikirejea. Hata vipimo vya kila sekunde vikihifadhiwa vyote, kadi ya gigabaiti 32 ingevibeba kwa takriban miezi mitatu, kwa hiyo nafasi si tatizo. Tatizo ni kadi yenyewe, kwani zile za bei rahisi huchakaa upesi kwa kuandikwa mfululizo, hasa katika joto na vumbi. Foleni inapofunguliwa baada ya siku mbili za kimya, vipimo vipya vitangulie na vya zamani vifuate polepole, la sivyo fundi atakuwa akitazama hali ya juzi huku tangi likiwa katika hali nyingine.

Itifaki inayotumika zaidi katika safari hii ni MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, katika mazingira ambayo kila baiti ilikuwa na gharama na mawasiliano hayakuaminika. Mtumaji wa MQTT huchagua kati ya ngazi tatu za uhakika: ujumbe hutumwa bila kufuatiliwa, au hutumwa tena mpaka mpokeaji akiri kuupata, au hufikishwa mara moja tu kwa mazungumzo marefu zaidi. Ngazi ya pili ndiyo inayofaa mahali penye mtandao wa kusuasua, mradi ikumbukwe kwamba ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili. Kwa sababu hiyo hifadhi hutambua kila kipimo kwa jina la kihisi na wakati wake, na nakala ya pili ikija haihesabiwi.

Jina hilo ndilo pia linaloamua njia. Ujumbe hubeba anwani yenye ngazi, kwa mfano chunya/uchenjuaji/tangi3/ph, na seva inayoupokea huwa na kanuni zinazosema kila kinachoishia na ph kiende kwenye hifadhidata ya haraka inayolisha skrini za zamu, ilhali nakala ya vyote iende kwenye hifadhi ya bei nafuu ya muda mrefu. Vihisi vya shinikizo la maji ndani ya ukuta wa bwawa la topesumu vinastahili kanuni yao wenyewe: huweza kusomwa mara moja kwa saa, lakini kumbukumbu zake hazina budi kutunzwa kwa miaka, kwa kuwa dalili za udhaifu wa ukuta zinaweza kuwa mabadiliko ya polepole yasiyoonekana katika wiki moja. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi.

Wakati nao unahitaji uangalifu kuliko unavyopewa. Lango lisilo na saa yenye betri yake linaweza, baada ya umeme kukatika, kuamka likidhani ni tarehe 1 Januari 1970, na vipimo vyake vikaenda kulala katika jalada la mwaka huo bila mtu kujua. Kwa hiyo kipimo chenye tarehe iliyotangulia kusimikwa kwa mtambo hutengwa pembeni kikaguliwe. Aidha, hifadhi za wingu kwa kawaida hugawa siku kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu, maana yake ni kwamba siku ya hifadhini huanza saa tisa usiku wa Chunya. Anayeomba vipimo vya jana bila kulijua hilo hupata jumla isiyolingana na daftari la zamu.

Kwenye hifadhi yenyewe, kosa la gharama zaidi ni kuweka kila kipimo katika faili lake. Watoa huduma hutoza kwa ukubwa wa data na pia kwa idadi ya maombi ya kuandika na kusoma, hivyo mamilioni ya mafaili madogo hugharimu zaidi ya mafaili 24 ya siku, moja kwa kila saa, yenye taarifa zilezile.

Pamoja na thamani ya pH, ujumbe au jedwali lililo kando yake huandikwa tarehe ya mwisho ya kusawazisha kihisi, kwani chokaa hukiganda kwenye ncha na kukifanya kisome visivyo, na mchambuzi wa mwaka unaofuata hana njia nyingine ya kutofautisha tangi lililopungukiwa chokaa na kihisi ambacho hakijasafishwa tangu masika.