Kitenge kimoja, mifarishi mingapi?

Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, na usiku wa Julai blanketi moja halitoshi. Mfarishi wa viraka una kazi hapa. Kwa anayependa kukusanya vitenge, hesabu ndiyo yenye utata.

Kitenge cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5.5, na upana mara nyingi ni inchi 46, yaani sentimita 117. Kata miraba ya sentimita 17: upana unatoa 6, urefu 32, jumla 192. Mshono ukila sentimita 1 kila upande, mraba unabaki na 15. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka mfarishi wa sentimita 180 kwa 210, ushuke kidogo pembeni. Hivyo ni viraka 168. Kitenge kimoja kinatosha uso mzima, na 24 vinasalia.

Tuchukue bei ya mfano, Sh 30,000: kiraka kimoja ni Sh 156 hivi. Rahisi! Lakini nani anataka mfarishi wa ua moja? Raha iko kwenye kuchanganya, na huko ndiko fedha inakokwenda. Maua 24, viraka 7 kila moja, ukinunua peke yako ni Sh 720,000, na zaidi ya asilimia 96 ya kitambaa italala sandukuni. Sanduku hilo lingetoa nyuso 26.

Dawa ni upatu. Wanawake 24, kila mmoja na kitenge chake, anakata 168, anabaki na 7 na kumpa kila mwenzake 7. Wote wanaondoka na maua 24 kwa Sh 30,000. (Khanga siishauri, ukiikata, jina linapotea na pindo linabaki vipande.)

Mabaki ya fundi cherehani ni ya bure au karibu na bure, ila mengi ni membamba. Ukishuka hadi viraka vya sentimita 7.5 vilivyoshonwa, idadi inafika 672, mishono inapanda kutoka mita 46.5 hadi 97, na kitambaa kinachomezwa na mishono kinatoka asilimia 22 hadi 38.

Halafu kuna mgongo, ambao wengi husahau: karibu yadi 5 nyingine, kwa hiyo panga bajeti ya vitenge viwili. Katikati tumia blanketi kuukuu jepesi. Zito likifuliwa Aprili, halikauki upesi.