Sindano ya Kwanza Iwe Adrenalini

Mgonjwa anachomwa penisilini katika zahanati ya Mbagala au Tandale, Dar es Salaam, mara anawashwa mwili mzima, midomo inavimba, pumzi inabana, presha inaporomoka. Huo ni mzio mkali, na unaweza kuua ndani ya nusu saa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wagonjwa wa namna hii hupewa steroidi, kama haidrokotisoni, mara nyingi kuliko adrenalini. Naona hapo ndipo tunapopotea. Steroidi huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha hubadilisha kazi ya jeni, na matokeo yake hungoja protini mpya zitengenezwe. Hayo huchukua saa kadhaa hata dawa ikipitishwa mshipani, kwa hiyo kuifikisha haraka kwenye damu hakuondoi kungoja huko. Kotisoni, steroidi iliyowaletea Philip Hench na wenzake Tuzo ya Nobel mwaka 1950 ilivuma kwa kutuliza baridi yabisi, ugonjwa wa miaka, si wa dakika. Adrenalini hubana mishipa iliyolegea na kufungua njia ya hewa ndani ya dakika chache. Mtu mzima huchomwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika tano asipopata nafuu.

Wapo watakaosema wameona haidrokotisoni ikiponya. Ni kweli wagonjwa wengi hupata nafuu baada yake, lakini mizio mingi hutulia yenyewe, na wengine huwa wamepewa adrenalini pia. Wataalamu wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walipotafuta majaribio ya kuaminika ya steroidi katika mzio mkali, hawakupata hata moja, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kuzipendekeza kwa kila mgonjwa. Zinabaki na kazi yake kwa mwenye pumu. Hofu kubwa zaidi ni kwamba adrenalini itasimamisha moyo. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu ikikosewa kipimo au ikipigwa mshipani kiholela ni hatari kweli. Ila ya kwenye paja, kwa kipimo sahihi, huleta kutetemeka na moyo kwenda mbio kwa muda tu. Kuichelewesha ndiko kunakoua. Kwa foleni za barabara kama ya Kilwa, rufaa ya kwenda hospitali ya Temeke au Muhimbili haiwezi kuwa tiba ya kwanza. Kila chumba cha sindano kiwe na adrenalini mezani, kipimo kikiwa kimebandikwa ukutani, na mwuguzi awe na ruhusa ya kuichoma bila kumsubiri daktari.