Kaburi linapogeuka mlinzi wa msitu

PROFESA Wangari Maathai alipofariki Septemba 25, 2011, aliacha ombi ambalo Wakenya wengi hawakuwa wamelisikia kabla ya hapo: asizikwe katika jeneza la mbao. Mwanamke aliyetumia maisha yake kupanda miti hakutaka mti ukatwe kwa sababu yake.

Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Oktoba 8 mwaka huo, baada ya ibada katika bustani ya Uhuru, mwili wake uliteketezwa Kariokor jijini Nairobi.

Ombi hilo linatuachia swali ambalo ni vigumu kuliuliza wakati wa msiba. Mtu anapozikwa, ardhi inafaidika au inaumia?

Nchini Marekani, daktari mmoja wa mji mdogo amekuwa akilijibu swali hilo kwa vitendo tangu 1998. Yeye na mkewe, Billy na Kimberley Campbell, walifungua makaburi ndani ya msitu karibu na mji wa Westminster, jimbo la South Carolina. Mahali hapo panaitwa Ramsey Creek, kwa jina la kijito kinachopita humo.

Walianza na takriban ekari 33. Lengo lao halikuwa tu kuwazika watu kwa njia isiyochafua mazingira. Walitaka ada ya mazishi ilipie uhifadhi wa msitu wenyewe.

Saruji na fomalini

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilionekana geni, yafaa kujua jinsi Wamarekani wengi wanavyozikwa. Mwili hudungwa dawa yenye fomalini ili usioze haraka. Desturi hiyo ilishika kasi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, wanajeshi waliouawa walipokuwa wakisafirishwa kurudishwa makwao.

Kisha mwili hutiwa katika jeneza la chuma au mbao ngumu, nalo jeneza huteremshwa ndani ya kasha la saruji lililowekwa kaburini ili udongo usididimie. Juu yake hupandwa nyasi zinazofyekwa na kunyunyiziwa dawa mwaka baada ya mwaka.

Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi yanasema kwamba kwa njia hiyo Marekani huzika zaidi ya tani milioni 1.5 za saruji kila mwaka. Nayo kemikali iliyomo kwenye fomalini iliorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Walio hatarini zaidi ni wafanyakazi wanaoivuta puani kila siku.

Kuteketeza mwili nako kuna gharama. Tanuri huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, na mafuta au gesi inayotumika hutoa hewa ya kaboni. Zebaki iliyotumika kuziba meno pia hupanda na moshi.

Ramsey Creek hakuna lolote kati ya hayo. Mwili haudungwi dawa. Huvikwa sanda au kutiwa katika jeneza linalooza. Kaburi halina saruji, na alama yake ni jiwe la kawaida la eneo hilo.

Katika mazishi ya aina hii, kaburi kwa kawaida huchimbwa kina cha futi tatu hadi nne badala ya sita. Sababu ni kwamba vijidudu vinavyoozesha mwili vinahitaji hewa, nayo hewa hupatikana karibu na uso wa ardhi. Huko ndiko pia mizizi ya miti inakofika kutafuta chakula.

Faida kubwa ni ardhi

Hata hivyo, kuacha saruji na dawa ni sehemu ndogo tu ya faida. Uingereza ilikuwa imekwisha kufanya hivyo tangu 1993, Ken West alipoanzisha mazishi ya msituni mjini Carlisle, ambako mialoni hupandwa makaburini. Leo nchi hiyo ina zaidi ya viwanja 200 vya namna hiyo.

Jipya katika Ramsey Creek lilikuwa mkataba. Shirika la uhifadhi la Upstate Forever lina haki ya kisheria juu ya ardhi hiyo, inayozuia isigawanywe wala kujengwa. Mwenye ardhi akifa au akiuza, anayeinunua anafungwa na masharti yale yale.

Aidha, idadi ya makaburi kwa kila ekari ni ndogo mno ikilinganishwa na makaburi ya kawaida, ambako ekari moja huweza kubeba watu wapatao 1,000. Nafasi inayobaki ni ya miti, maua ya porini na ndege.

Mfano huo umeigwa kwingineko. Karibu na Gainesville, jimbo la Florida, makaburi ya Prairie Creek yenye ekari 93 yalifunguliwa 2010 katika ardhi inayolindwa na shirika la Alachua Conservation Trust, jirani na hifadhi ya jimbo ya Paynes Prairie. Huko jamaa za marehemu wanaweza kushika sepeto na kulifukia kaburi wenyewe.

Kwa Mkenya, hilo si geni. Wala si geni kwa Waislamu kote duniani, ambao humzika maiti kwa sanda bila kumdunga dawa wala kumtia sandukuni.

Katika kaya za Wamijikenda huko Pwani, mababu wamelala ndani ya misitu ambamo kukata mti ni mwiko. Mwaka 2008 Unesco iliziweka kaya hizo katika orodha ya Turathi za Dunia. Sehemu kubwa ya misitu iliyozizunguka imefyekwa, lakini zenyewe zimesalia kwa sababu watu waliheshimu waliozikwa humo.

Bara nako, kaburi la babu ndilo ushahidi wa kwanza familia inapogombania shamba. Daktari Campbell ameitumia hoja hiyo hiyo, ila kwake kaburi linaulinda msitu dhidi ya mjenzi.

Sisi tujifunze nini?

Makaburi ya Lang'ata jijini Nairobi yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990. Kila eneo jipya linapotafutwa, huwa ni ardhi itakayofyekwa.

Sheria haituzuii kufikiri tofauti. Sheria ya mazingira ya 1999 iliweka haki ya uhifadhi juu ya ardhi ya mtu, na ile ya wanyamapori ya 2013 ikaitaja pia.

Lakini tahadhari inahitajika. Makaburi hayafai kuwa karibu na visima wala mahali maji ya ardhini yalipo juu. Isitoshe, katika nchi ambako msitu wa Karura ulinusurika unyakuzi kwa sababu Profesa Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999, kuruhusu makaburi msituni bila mkataba thabiti ni kuwafungulia wanyakuzi mlango mwingine. Mkataba utangulie, kaburi lifuate.

Wakati tukisubiri, familia inayozika shambani mwake inaweza kuanza leo. Ikiwa mazishi ni ya siku mbili tatu, fomalini haina lazima. Mbao nyepesi zinatosha kwa jeneza. Na pale ambapo fundi angemwaga saruji, mche wa mti wa kiasili utamea vizuri.